Dieppe hadi Lille kwa baiskeli: hayo "mawimbi laini" ya Ufaransa kaskazini ni laini kweli?

Chumbageni_Pedali

Habari za jioni wakuu. Natafuta ushauri wa mtu aliyepita huko kwa miguu yake mwenyewe, maana ramani nimeitazama hadi macho yanauma.

Naishi Brighton, nyumbani ni Tanga. Dada yangu mkubwa yuko Lille, na mwaka huu nimemwahidi kwamba nitafika kwake kwa baiskeli, si kwa treni. Nitavuka kwa meli ya Newhaven hadi Dieppe, halafu siku tatu barabarani: Dieppe hadi Amiens, Amiens hadi Arras, Arras hadi Lille. Wiki ya kwanza au ya pili ya Juni. Visa ya Schengen ninayo tayari, hapo msinitishe.

Kinachonichanganya ni mwinuko. Kila anayezungumzia sehemu hizo anasema ni mashamba yenye mawimbi laini, unateleza tu. Ramani nayo haioneshi kilima chochote cha kutisha njia nzima. Lakini programu ya simu inaniambia kwamba siku ya kwanza peke yake nitapanda karibu mita 1,000. Mita elfu zinatoka wapi kwenye nchi isiyo na mlima? Sisi tuliozaliwa tukiitazama Usambara tunajua mlima ukoje, na huko siuoni.

Baiskeli yangu ni ya chuma, ya zamani, nzima kabisa. Mbele meno 52 na 39, nyuma 11 hadi 25, tairi za milimita 25. Mzigo ni mfuko mmoja nyuma ya siti. Nina miaka 46, Jumapili huwa naenda kilomita 80 bila kulalamika.

Naomba kujua: gia zangu zinatosha? Upepo ukoje? Chakula vijijini kinapatikana, ukizingatia kwamba sili nguruwe? Na mbwa je?

Kaptula_ya_Iten

Gia hazitoshi. 39 kwa 25 ukiwa na mzigo, kilima cha nne cha siku utakipanda kwa miguu huku unasukuma. Weka 34 mbele na angalau 28 nyuma, 30 ikiwezekana. Najua kuna watu watakuja hapa kukwambia wazee wa zamani walipanda Alps na 42. Wazee hao walikuwa wanalipwa.

Halafu usidharau vilima vidogo vya Dieppe. Julai 2015, hatua ya 6 ya Tour de France ilitoka Abbeville ikapita pwani hiyo hadi Le Havre. Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alitoroka kundi mapema na wenzake wawili, akazoa pointi kwenye vijilima vya njiani, na jioni akavaa jezi nyeupe yenye madoa mekundu, jezi ya mfalme wa milima. Mwafrika mweusi wa kwanza kuivaa. Hakuipata kule milimani kwenye theluji, aliipata huko huko unakosema hakuna mlima.

Mvita_Amiens

Karibu sana huku, kaka wa Tanga. Mimi ni mtu wa Mombasa, ila nyumbani sasa ni Amiens. Kazi yangu ni kupeleka unga kwa waoka mikate wa vijijini, kwa hiyo barabara unazoziuliza nazipita na lori siku za kazi na kwa baiskeli Jumapili. Nitaandika kirefu, uniwie radhi.

Mita zako elfu hazitoki kwenye vilima, zinatoka kwenye mabonde. Ardhi ya huku ni uwanda mmoja mpana wa chaki, na mito imeuchonga: Béthune, Eaulne, Yères, Bresle, halafu Somme, na juu zaidi Authie na Canche. Mito hiyo karibu yote inaelekea upande mmoja, kaskazini-magharibi, kwenda baharini. Wewe unatoka Dieppe kwenda mashariki, maana yake unaikata mmoja baada ya mwingine. Kila mto unakudai vilevile: unashuka mita themanini au mia, unakuta kijiji chini kina kanisa na daraja, kisha unapanda zile zile mita themanini au mia kurudi juu. Hakuna mpando unaofika hata nusu ya vile vya Lushoto. Ni kilomita moja, mbili, basi. Lakini kipande cha kwanza cha kutoka kijijini ndicho kikali, na unakianza miguu ikiwa imepoa kwa mteremko. Ukiutazama mchoro wa siku nzima kwenye simu utaona meno ya msumeno.

Sasa sikiliza habari ya upepo, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi wanapokosa hesabu. Upepo wa kawaida wa huku unatoka kusini-magharibi. Kwako hilo ni jambo jema, unakwenda nao hadi Lille. Wanaotoka Lille kushuka Dieppe ndio wanaolia. Ila upepo huo huo unaokusukuma unakupeleka kuyakata mabonde. Ukitaka tambarare lazima ufuate mto, na ukifuata mto upepo unakupiga ubavuni. Mteremko na upepo havikai meza moja. Kwa hiyo kazi yako ni kuchagua saa ya kila kimoja, na mimi ningeipanga siku ya kwanza hivi: asubuhi mto, mchana mabonde, jioni mto tena.

Asubuhi. Kutoka Dieppe nenda Arques-la-Bataille, hapo ndipo inapoanza njia ya baiskeli iliyojengwa juu ya reli ya zamani, sehemu ya ile Avenue Verte ya London hadi Paris. Inafuata bonde la Béthune hadi Neufchâtel-en-Bray na kuendelea hadi Forges-les-Eaux. Ina lami, haina magari, na miti inakukinga na ubavu wa upepo. Watu wanaisifu sana. Mimi binafsi huichoka haraka, ni kama kutembea kwenye korido, na Jumapili imejaa watoto na mbwa wa kamba. Lakini kwa mtu aliyeshuka melini na usingizi, anayejifunza kukaa upande wa kulia wa barabara, hakuna pa kuanzia pazuri kuliko hapo. Ifuate hadi Neufchâtel, usiendelee nayo.

Kabla hujaiingia, pale Arques kuna makaburi ya Vita Kuu ya Kwanza. Wengi waliolala pale ni Waafrika wa kikosi cha vibarua kutoka Afrika Kusini, waliletwa kupakua meli na kukata miti, si kupigana. Vita ile ile iliyowamaliza wapagazi wetu kule Afrika Mashariki. Wageni wengi hupita Dieppe bila kujua kwamba wapo. Mimi husimama.

Mchana. Kutoka Neufchâtel pinda mashariki kwenda Aumale, halafu Poix-de-Picardie. Hapo ndipo utakapolipa deni. Nchi ya Bray ni ya ng'ombe wa maziwa, nyasi na ua wa miti, jibini lao la umbo la moyo utaliona kila mahali. Ukishaupanda ukingo wa Bresle pale Aumale, mambo yanabadilika ghafla: miti ya ua inakwisha, unabaki na ngano, viazi, viazisukari na mbingu. Hakuna pa kujificha. Mitambo ya upepo imetapakaa juu ya uwanda, na hiyo ndiyo kipimo changu cha bure: kichwa cha mtambo hugeuka kutazama kule upepo unakotoka. Ukiona mapanga yanatazama kusini-magharibi, kunywa maji, shika mpini wa chini, twende.

Kwa wiki unazotaja kuna zawadi nyingine, mashamba ya kitani. Maua yake ya buluu yanafunguka asubuhi na kufikia mchana yameshaanza kudondoka petali. Ukiwahi kupita kabla ya saa tano utaona shamba zima la buluu. Ukichelewa utaona majani tu na utadhani nimekudanganya.

Jioni. Kutoka Poix usifanye kosa la kushika barabara iliyonyooka kwenda Amiens. Hiyo ni D1029, zamani ilikuwa barabara ya taifa N29, na ina malori, mimi nikiwemo. Huku barabara za D si zote sawa. Zenye namba za elfu moja na kitu, na baadhi ya zile za mia tisa kama D929 ya kwenda Albert, zilikuwa za taifa zikakabidhiwa mikoa. Zikwepe. Kutoka Poix shuka kwa vibarabara vya bondeni kupitia Famechon hadi Conty, kisha ufuate mto Selle mpaka uingie Amiens. Mto unashuka, wewe unashuka nao, na upepo uko mgongoni. Ni sehemu moja tu ya safari yako ambapo vitu vyote viwili vinakubaliana, na nimeiweka mwisho wa siku makusudi.

Tairi: kama fremu inaruhusu milimita 28, weka. Ndani ya chaki hii kuna gumegume, na mvua ikishanyesha vipande vyake vinateremka hadi barabarani. Vinakata kama wembe. Beba tyubu mbili na kipande cha tairi kuukuu cha kuziba ndani.

Chakula, hapa niko kazini kabisa. Mwoka mikate wa kijijini anafungua alfajiri, anafunga kama saa sita na nusu au saba mchana, anafungua tena saa tisa na nusu au saa kumi. Mara moja kwa wiki hafungui kabisa, na mara nyingi siku hiyo ni Jumatatu. Kwa hiyo usiseme nitakula kijiji kinachofuata. Ukiona mkate, nunua mkate. Vijiji visivyo na duka siku hizi vingi vina mashine ya kuuza baguette kando ya barabara, uwe na sarafu. Kuhusu nguruwe, jihadhari na maneno matatu kwenye kibao: jambon, lardons, porc. Quiche nyingi zina lardons hata kama hazijaandikwa, na ficelle picarde, chapati ya maji wanayojivunia Amiens, ndani ina jambon. Uliza tu. Mikate ya zabibu, ya chokoleti, na macarons za Amiens, vibiskuti vya lozi, kula hadi uchoke. Mijini maduka ya kebabu ya halali yapo.

Maji: makaburini. Kila kijiji kina makaburi na karibu kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua. Soma kibao kwanza, kikisema "non potable" pita.

Mbwa wamefungwa nyuma ya uzio, watakubwekea tu. Cha kuogopa ni gari linalotoka kulia kwako ndani ya kijiji. Kama hakuna alama yoyote, anayetoka kulia ana haki ya kupita, hata akitoka kwenye kichochoro, na mzee mwenye Renault yake hatatazama. Ukiona kibao cha mraba wa manjano uliosimama kwa kona ujue wewe ndiye mwenye njia.

Siku ya pili ni nyepesi kwa miguu, nzito kwa mengine. Njia ya ukingoni mwa Somme hadi Corbie, bonde la Ancre hadi Albert, kisha Thiepval, ambako kwenye mnara mmoja yamechongwa majina ya watu zaidi ya 72,000 wasiojulikana walikozikwa. Utaona makaburi meupe mashambani mpaka utaacha kuyahesabu. Ya kutoka hapo hadi Arras ni mawimbi kweli, yale laini uliyoahidiwa.

Mama_Kadutu

Jambo ndugu Chumbageni. Mimi ni mama wa Bukavu, niko Lille, na kila Jumapili tunatoka wanawake saba nane kuendesha. Mvita amekueleza vizuri, ila siku ya tatu ameniachia, na ni siku yangu.

Ukitoka Arras una njia mbili. Ya kwanza ni kupitia Vimy na Lens. Kilima cha Vimy na mnara wa Wakanada ni vizuri kuviona, lakini baada ya hapo ni mji juu ya mji, taa za barabarani, reli, vizuizi. Utaona lakini vilima vyeusi virefu kupita vyote vya safari yako, na hivyo havikuumbwa na Mungu, vilirundikwa na wachimba makaa. Bonde lote lile la makaa UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2012.

Ya pili, ambayo ningepita mimi: fuata mto Scarpe hadi Douai, tambarare kabisa, kisha uingie nchi ya Pévèle. Hapo ndipo kuna barabara za mawe za Paris–Roubaix, ile mbio ya baiskeli ambayo haianzii hata Paris, toka 1977 inaanzia Compiègne. Vipande vya mawe vinapewa nyota kulingana na ubaya wake. Vya nyota tano ni vitatu tu, Arenberg, Mons-en-Pévèle na Carrefour de l'Arbre, na hivyo viwili vya mwisho viko kwenye njia yako.

Usiende navyo vyote. Pita Carrefour de l'Arbre peke yake, upate cha kumsimulia dada. Katikati ya barabara mawe yamenyanyuka kama mgongo, kaa juu ya mgongo huo, pembeni ndiko kuna mashimo. Gia nzito kidogo, mikono ilegee, usiminye breki, na usipunguze mwendo kwa woga, maana ukipunguza ndipo baiskeli inaanza kukutupa. Punguza upepo wa tairi kabla, siyo sana kwa hizo 25 zako.

Na mvua ikinyesha, acha. Simama, tazama, piga picha, zunguka kwa lami. Mwaka 2014 Tour ilipita mawe ya upande huu chini ya mvua, na Chris Froome, yule mzaliwa wa Nairobi, bingwa wa mwaka uliotangulia, alianguka mara mbili siku hiyo akapanda gari kwenda zake. Hata kwenye mawe alikuwa hajafika, lami yenyewe ilimtosha.

Chumbageni_Pedali

Asanteni sana, sikutegemea kupata darasa zima. Mvita, shukrani, nimeifuta njia yangu yote ya siku ya kwanza na kuichora upya kama ulivyosema. Saa sita na nusu ya mkate nimeiandika kwenye kengele ya simu.

Yamebaki mawili. Upepo ukigeuka ukaja kutoka kaskazini-mashariki nafanyaje? Na Kaptula, nimempelekea fundi. Anasema kranki yangu, ile mikono ya pedali, haipokei chini ya meno 38 mbele, kwa hiyo 34 haiwezekani.

Mvita_Amiens

Hutokea, hasa zikija siku kavu zenye jua kali. Ukiona mitambo imekutazama usoni toka asubuhi, gawa siku: endesha hadi Amiens, kesho yake endesha hadi Albert tu, kisha panda TER, treni ya kawaida ya mkoa, hadi Arras. Treni za TER zinapakia baiskeli nzima bila kuifungua. TGV, treni ya kasi, usiiguse, ile inataka nafasi ya baiskeli uliyokata mapema, au uikunje kwenye begi.

Na Amiens usitafute hoteli kabla ya kuniandikia ujumbe wa faragha. Nyumba yangu iko upande huo huo wa Selle utakaoingilia, na gereji ina pampu ya kusimama.

Kaptula_ya_Iten

Fundi yuko sahihi, kranki za 52/39 nyingi matundu yake ya boliti yamekaa mbali. Njia mbili. Nunua kranki ya mtumba ya 50/34, zimejaa huko Uingereza, watu wanazivua zikiwa nzima. Au acha mbele kama ilivyo, weka 38, na nyuma kaseti (seti ya gia za nyuma) inayofika 28. Kibadilisha gia cha zamani chenye mkono mfupi kwa kawaida 28 kinaimudu, ukienda 32 ndipo kitagoma. Mwambie fundi aongeze pingili mbili za mnyororo kabla hajajaribu. Mimi ningechukua kranki.

Mama_Kadutu

Achukue kranki. Na alete tairi za 28.